Mchele Uliochachushwa kwa Ngozi ya Uso: Kuchagua, Kuandaa na Kutumia

Katika maduka ya vipodozi ya Dar es Salaam na Nairobi, chupa za tona na esensi (majimaji mepesi ya kupaka uso baada ya kunawa) kutoka Korea na Japani zenye picha ya punje za mchele zimekuwa jambo la kawaida, na wakati huohuo watu wengi huloweka mchele jikoni, wakayaacha maji yake yachache, kisha wakayapaka usoni kwa matumaini ya kupata matokeo yaleyale. Vitu hivi viwili huitwa kwa jina moja ilhali havifanani. Cha kwanza kimetengenezwa kwa kiumbe kilichochaguliwa, kikachujwa, kikapimwa na kutiwa kihifadhi. Cha pili kimechachushwa na chochote kilichokuwa juu ya punje, ndani ya maji au hewani siku hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mchele uliochachushwa unafaa kwa ngozi, inafaa kuuliza kwanza ni kiumbe gani kilichouchachusha, na baada ya kazi yake kimebaki nini ndani ya chupa. Mwongozo huu unayafuata maswali hayo mawili kuanzia kiwandani hadi jikoni, na kutoka hapo hadi usoni.

Kinachotokea mchele unapochacha

Sehemu kubwa ya punje ya mchele ni wanga. Mna pia protini kidogo, na katika pumba zake mna mafuta, vitamini za kundi B na asidi ya feruliki, ambayo husaidia kupunguza madhara ya jua na oksijeni kwenye seli za ngozi. Wanga ukiwa mzima hauingii ndani ya ngozi kwa sababu molekuli zake ni kubwa mno. Hubaki juu na kuacha utando laini ambao kila aliyewahi kunawa maji ya mchele anaufahamu. Utando huo si wa kudharauliwa. Mwaka 2002 watafiti wa Brussels walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuoga maji yaliyotiwa wanga wa mchele, kwa dakika 15 mara mbili kwa siku, kulisaidia ngozi iliyochubuliwa na sabuni kali kurudisha uwezo wake wa kuzuia maji yasipotee, na wenye ukurutu nao walipata nafuu. Maji hayo hayakuwa yamechachushwa. Tayari hapo tunaona kwamba sehemu ya sifa inayopewa uchachushaji ni ya mchele wenyewe.

Uchachushaji huongeza kitu kingine: huvunja kile kilicho kikubwa kuwa vipande vidogo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa viwanda vya sake, pombe ya mchele ya Kijapani, vya Nada, mjini Kobe, na vya Fushimi, mjini Kyoto. Huko mchele uliokobolewa sana hupikwa kwa mvuke, hutandazwa katika chumba chenye joto la nyuzi 30 hivi, kisha hunyunyiziwa mbegu za ukungu uitwao Aspergillus oryzae, ambao Wajapani huutumia kutengeneza koji, yaani mchele ulioota ukungu huo. Wafanyakazi huufikicha mchele huo kwa mikono, huuvunja mabonge na kuugeuza ili joto lisipande kupita kiasi, na baada ya siku mbili hivi kila punje huwa imevikwa manyoya meupe mafupi na chumba kizima kunukia utamu wa kokwa zilizochomwa. Vimeng'enya vya ukungu huo hukata wanga kuwa sukari na protini kuwa asidi amino. Kisha huingia chachu, Saccharomyces cerevisiae, ya jamii ileile ya hamira inayoumua maandazi, ambayo hugeuza sukari kuwa alkoholi na kuacha njiani vitu vingine vidogovidogo.

Kinachobaki katika majimaji hayo ndicho kinachowavutia watengenezaji wa vipodozi: asidi amino, sukari ndogondogo, asidi ya laktiki kwa kiasi, na kitu kiitwacho ethili glukosaidi ambacho kimechunguzwa nchini Japani kwa uwezo wake wa kusaidia ngozi. Asidi amino na asidi ya laktiki ni miongoni mwa vitu ambavyo tabaka la juu la ngozi huvitumia lenyewe kushika maji. Ndiyo maana faida ya kwanza, na kwa maoni yangu faida iliyo ya hakika zaidi, ni unyevu. Faida ya pili ni uchachu wenyewe. Uso wenye afya una pH, yaani kipimo cha uchachu, ya karibu 5; sabuni nyingi za mche zina pH ya 9 au zaidi na huipandisha ile ya ngozi, na majimaji yenye uchachu kidogo huisaidia ngozi kurudi mahali pake. Madai mengine, ya kufuta mikunjo au kurudisha ujana, yanategemea zaidi majaribio ya maabara juu ya seli, na mengi yamefadhiliwa na kampuni zinazouza bidhaa zenyewe. Hayo si lazima yawe ya uongo, lakini hayatoshi kumfanya mtu atoe mshahara wa wiki kwa chupa moja.

Chapa iliyolifanya jambo hili lijulikane duniani ni SK-II ya Japani, iliyoanza mwaka 1980 na ambayo leo ni mali ya Procter & Gamble. Kampuni yenyewe husimulia kwamba watafiti wake walivutiwa na mikono laini ya wazee waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha sake, wakachunguza aina nyingi za chachu hadi wakapata ile inayotengeneza majimaji waliyoyaita Pitera. Msomaji makini atagundua kwamba kwenye lebo majimaji hayo huandikwa Galactomyces Ferment Filtrate, yaani ni zao la chachu lililochujwa, na mchele hautajwi katika jina hilo. Wanaonunua bidhaa za namna hiyo wakidhani wananunua mchele wananunua hasa kazi ya chachu.

Asidi ya kojiki, ndugu anayehitaji kuangaliwa

Mwaka 1907 mtafiti wa Kijapani aitwaye Saito aliitenga kutoka kwenye koji ya mchele asidi ambayo baadaye ilipewa jina la kojiki. Asidi hii hushika madini ya shaba yaliyo ndani ya kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, na kwa njia hiyo hupunguza utengenezaji wa rangi mpya. Ndiyo inayotiwa katika sabuni na krimu za kupunguza madoa meusi yanayoachwa na chunusi, na pia katika bidhaa nyingi zinazouzwa kwa ahadi ya kung'arisha mwili mzima.

Hapa lazima mambo mawili yatenganishwe. Tona au esensi ya mchele uliochachushwa kwa kawaida haina asidi ya kojiki ya kutosha kubadili rangi, na anayeitarajia ifanye hivyo atakatishwa tamaa. Bidhaa iliyotiwa asidi ya kojiki kwa makusudi ni dawa ya madoa, nayo hutumiwa kwa kiasi, mahali palipo na doa, pamoja na kinga ya jua. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu isizidi asilimia 1 katika bidhaa za uso na mikono. Baadhi ya watu hupata mzio kutokana nayo, na ngozi nyeusi iliyowashwa au kuchubuliwa hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi, kwa hiyo mtu huweza kuondoa doa moja akapata matatu. Aidha asidi hii huharibika ikikutana na hewa na mwanga. Krimu iliyonunuliwa ikiwa nyeupe na sasa imegeuka kahawia imekwisha nguvu na haifai tena.

Kuchanganya bidhaa ya mchele na krimu za mkorogo ni jambo la kuepukwa kabisa. Krimu hizo mara nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali ambazo hupunguza unene wa ngozi, na ngozi iliyopungua unene haiwezi kustahimili hata uchachu mdogo wa maji ya mchele. Aliyekuwa akitumia mkorogo aanze kwa kumwona daktari wa ngozi, kwa sababu kuacha steroidi ghafla kunaweza kuleta uvimbe na vipele vinavyohitaji usimamizi.

Kusoma lebo kabla ya kununua

Viungo huandikwa kwenye lebo kwa kufuata wingi, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kichache, isipokuwa vile visivyofikia asilimia 1 ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Tafuta majina kama Saccharomyces/Rice Ferment Filtrate, Aspergillus/Rice Ferment Filtrate, Lactobacillus/Rice Ferment au Rice Ferment Filtrate (Sake). Penye mkwaju (/), neno la kwanza hutaja kiumbe kilichofanya kazi, la pili hutaja chakula chake, na neno filtrate humaanisha kwamba seli za kiumbe hicho zimechujwa zikabaki nje. Ukikuta lysate, ujue seli zilipasuliwa na yaliyomo yakaachwa ndani. Ukikuta Oryza Sativa (Rice) Bran Extract au Oryza Sativa (Rice) Extract peke yake, hiyo ni dondoo ya mchele ambao haukuchachushwa, hata kama mbele ya chupa pameandikwa maneno mengine kwa herufi kubwa.

Kiungo cha namna hii kikishika nafasi ya kwanza kwenye orodha, usikimbilie kushangilia. Majimaji yaliyochujwa ni maji kwa sehemu kubwa sana, na chupa inayojisifu kuwa na asilimia 90 ya zao la mchele inaweza kuwa na kiasi kidogo tu cha vitu vinavyofanya kazi. Afadhali utazame kilichoandamana nacho. Viungo vya kushika maji na kuimarisha ngozi kama glisirini, panthenoli, niasinamaidi au seramaidi vikiwa karibu na juu ya orodha, bidhaa hiyo ina msaada wa kweli. Manukato mengi na alkoholi ya kukausha vikiwa katika viungo vitano vya kwanza, mwenye ngozi kavu au nyepesi kuwashwa airudishe rafuni.

Kuna pia neno probiotiki, ambalo siku hizi hubandikwa kwenye kila kitu. Tona iliyotiwa kihifadhi haiwezi kuwa na bakteria hai, kwa kuwa kazi ya kihifadhi ni kuwaua. Kilichomo ni mazao yao au mabaki yao, na hayo yanaweza kuwa na manufaa, lakini hayaji usoni kupanda bustani ya bakteria wema kama matangazo yanavyodokeza. Wala usiogope bidhaa kwa sababu ina fenoksiethanoli au kihifadhi kingine kinachokubalika. Majimaji yaliyojaa sukari na asidi amino ni karamu ya vijidudu, na bidhaa ya mchele isiyo na kihifadhi ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka.

Mengine ni ya kawaida: alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye tarakimu kama 6M au 12M huonyesha miezi ya kutumia tangu kufungua; bidhaa ghali hughushiwa, hivyo bei ya kutupa kwa chapa maarufu ni onyo; na vipodozi halali nchini Tanzania vinapaswa kuwa vimesajiliwa na shirika la viwango la huko, TBS, nchini Kenya vikiwa chini ya usimamizi wa shirika la viwango la KEBS.

Anayetafuta unyevu pekee, na mfuko wake hauruhusu esensi ya Kijapani, asisahau glisirini ya duka la dawa. Matone machache yaliyochanganywa na maji au losheni, yakapakwa ngozi ikiwa bado na unyevu, hushika maji vizuri sana, na sioni kwamba chupa nyingi za mchele zinaishinda kwa jambo hilo moja.

Kuandaa maji ya mchele nyumbani

Kinachotengenezwa jikoni hakifanani na koji wala sake. Mchele ukiachwa ndani ya maji hushikwa hasa na bakteria wa laktiki na chachu za mwituni, jamii ya viumbe walewale wanaotia uchachu kwenye togwa na kwenye uji uliolazwa. Zao lake ni majimaji yenye wanga, asidi kidogo na asidi amino chache. Yanafaa kwa kusuuza uso na nywele. Hayafai kuachwa usoni usiku kucha kama seramu, kwa kuwa hakuna anayejua kwa hakika ni vijidudu gani vingine vimo.

Onyo moja lazima litangulie. Watu waliosoma kuhusu koji wakati mwingine huuacha wali wenye majimaji uote ukungu wakidhani wanatengeneza kitu kilekile. Ukungu wa koji ni jamaa wa karibu wa Aspergillus flavus, ule unaotoa sumukuvu, sumu iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Koji ya viwandani hutokana na mbegu zilizofugwa na kuchaguliwa kwa karne nyingi hadi zikapoteza uwezo wa kutoa sumu hiyo, na macho ya mtu jikoni hayawezi kuutofautisha ukungu mwema na mbaya. Mchele ulioota ukungu wa rangi yoyote hutupwa.

Chukua nusu kikombe cha mchele mzuri usio na vumbi wala wadudu. Wa Kyela, wa Mbeya, pishori ya Mwea au wa kopo la dukani, wote watafaa. Harufu ya mchele wa kunukia haina kazi kwenye ngozi. Uoshe haraka mara moja na umwage maji hayo ya kwanza, maana ndiyo yanayobeba vumbi la ghalani na mabaki ya dawa za kuhifadhia. Kisha mimina vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, ufikiche punje kwa vidole kwa dakika mbili hadi maji yawe meupe mazito, uache mchele utulie kwa nusu saa. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichopigwa pasi au kuchemshwa. Mchele uliobaki hauna dosari, upike kama kawaida.

Maji yaliyochujwa yaingie katika chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, usiijaze hadi juu, na ifunikwe kwa kitambaa au kifuniko kilicholegezwa ili gesi ipate pa kutokea. Muda hutegemea mahali ulipo. Maelekezo mengi ya mtandaoni husema siku mbili au tatu, na yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Tanga, Mombasa au Unguja, ambako jiko linaweza kuwa na nyuzi 30 mchana kutwa, saa 12 hadi 24 zinatosha, na siku ya tatu mtu huwa na kitu kilichooza. Mbeya, Njombe au Limuru wakati wa baridi, saa 24 hadi 48 ni kiasi cha haki. Yaangalie asubuhi na jioni.

Maji yaliyofika yana vipovu vidogo pembeni mwa kioo, wanga umetua chini kama ute mweupe, na harufu yake ni chachu nyepesi isiyokera pua. Mwenye karatasi za kupimia pH, ambazo hupatikana katika maduka ya vifaa vya maabara, atafute kati ya 4 na 5. Yakishuka chini ya 4 ayazimue kwa maji zaidi. Yakiwa na madoa ya waridi, kijani au meusi, yakivutika kama mlenda, au yakinuka kama nyama au maziwa yaliyooza, mwaga yote na uichemshe chupa. Utando mwembamba mweupe unaoelea juu mara nyingi ni chachu isiyo na madhara makubwa katika vyakula vilivyochachushwa, lakini kwa ajili ya uso sioni sababu ya kubahatisha: mwaga na uanze upya, gharama yake ni maji na konzi ya mchele.

Yakishakuwa tayari, yachemshe kwa dakika tano hivi ili kusimamisha uchachushaji, uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yaweke kwenye friji mara moja. Kuchemsha kunaua chachu na bakteria walio wengi, ila hakuui mbegu za Bacillus cereus, bakteria anayeishi kwenye mchele na anayejulikana kwa kuharibu wali uliolala nje. Mbegu hizo huamka maji yakikaa kwenye joto la kawaida. Kwa sababu hiyo chupa haikai bafuni hata kwa mchana mmoja, na baada ya siku tatu ndani ya friji maji yaliyobaki yamwagwe. Anayetaka kuandaa mengi kwa pamoja ayagandishe katika vibao vya barafu na kuyeyusha kipande kimoja kwa wakati. Kusugua barafu moja kwa moja usoni si lazima na huweza kuumiza ngozi.

Usiongeze limau. Limau lina asidi kali kuliko ngozi inavyohitaji, na likibaki usoni mtu akatoka juani linaweza kuacha majeraha na mabaka ya muda mrefu. Magadi na baking soda nazo huharibu uchachu ule uliokuwa ukiutafuta. Wala usimimine maji haya ndani ya kopo la losheni au krimu ya dukani ili kuiongezea nguvu: kihifadhi cha losheni kilipimwa kwa ajili ya kiasi kilichokuwamo kiwandani, na vikombe vya maji yenye sukari vikiingia humo kinashindwa kazi, hata kama losheni haitabadilika harufu kwa wiki nzima.

Kujaribu, kisha kutumia

Bidhaa mpya, ya kiwandani au ya jikoni, ianze kwenye mkono upande wa ndani, karibu na kiwiko, au nyuma ya sikio. Ile ya kiwandani ipakwe hapo mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja. Maji ya nyumbani yakae hapo dakika tano na kusuuzwa, yarudiwe siku chache mfululizo. Mzio hauji siku ya kwanza sikuzote. Huweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza, na wengi huwa wameshahamia usoni kabla haujafika. Kwa ngozi nyeusi subira hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa kila muwasho unaopita unaweza kuacha kivuli kinachokaa miezi.

Esensi au tona ya dukani hutumiwa baada ya kunawa kwa sabuni laini ya uso. Mimina kiasi kidogo kiganjani, ukibonyeze kwenye ngozi ikiwa bado na unyevu, bila kusugua kwa pamba. Subiri dakika moja, halafu paka krimu au losheni ya kufungia unyevu. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua matokeo katika miji mikavu kama Dodoma, ambako vitu vinavyoshika maji bila kufunikwa huyaacha yapotee hewani na uso hubaki umekaza kuliko mwanzo. Pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu, losheni nyepesi ya jeli hutosha. Asubuhi malizia kwa kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, hasa kwa anayeshughulikia madoa, maana jua hurudisha mchana kile kilichopunguzwa usiku.

Maji ya nyumbani yazimuliwe kwanza kwa kiasi sawa cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Baada ya kunawa, yapake kwa viganja safi, yaache dakika tano, zikizidi sana kumi, kisha usuuze kwa maji ya kawaida na upake losheni yako. Mara mbili kwa wiki ni mwanzo mzuri, na hata ngozi isiyosumbuka haihitaji zaidi ya mara tatu au nne. Yasiingie machoni, na yasipakwe juu ya mchubuko, kidonda, chunusi iliyotumbuliwa au uso ulionyolewa saa hiyo. Mabaki yanaweza kuishia kwenye nywele. Wanawake wa jamii ya Yao ya China (si Wayao wa Afrika), wa kijiji cha Huangluo mkoani Guangxi, wanajulikana duniani kwa nywele ndefu wanazoziosha kwa maji ya mchele yaliyochachushwa; ngozi ya kichwa nayo isuuzwe vizuri, kwa kuwa wanga ukikauka huanguka kama mba.

Anayetumia retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A), asidi za kung'arisha au dawa ya chunusi ya daktari asianze vyote kwa wakati mmoja. Atenganishe usiku, dawa leo na mchele kesho, na aongeze taratibu baada ya kuona ngozi imetulia. Ulaini na unyevu huonekana ndani ya siku chache, kwa sababu ni kazi ya juujuu. Mwonekano uliotulia na wenye rangi inayolingana huhitaji walau mzunguko mmoja wa ngozi kujibadilisha, ambao kwa mtu mzima ni zaidi ya wiki nne, na madoa ya kweli huhesabiwa kwa miezi.

Wakati wa kuacha

Hisia ndogo ya kuchomachoma inayopita ndani ya dakika moja ni kawaida ya vitu vyenye uchachu. Uwekundu unaodumu, ambao kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama weusi ulioiva au rangi ya zambarau, pamoja na joto, uvimbe au kuwashwa hadi siku ya pili, ni amri ya kuacha. Nawa kwa maji peke yake, paka krimu isiyo na manukato au mafuta ya mgando, na usijaribu kutuliza muwasho kwa kipodozi kingine kipya.

Kuna vipele vya aina moja vinavyostahili kutajwa kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Ni vidogo, vinafanana, vinawasha, hujitokeza kwa wingi kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, na huzidi wakati wa jasho. Mara nyingi hutokana na chachu iishiyo kwenye ngozi iitwayo Malassezia, wala si chunusi za kawaida. Baadhi ya watumiaji wenye tatizo hili hueleza kwamba bidhaa za Galactomyces na mazao mengine ya chachu huwaongezea vipele. Ikiwa vyako vimezidi ndani ya wiki mbili au tatu za kutumia esensi mpya, iache, na umwone mtaalamu akupe dawa ya kuua fangasi badala ya kuendelea kwa dawa za chunusi.

Watoto wachanga, wenye ukurutu uliochachamaa, wenye vidonda usoni, walio katika tiba inayodhoofisha kinga ya mwili na waliofanyiwa matibabu ya kuchubua uso katika wiki za karibuni wasitumie kabisa maji yaliyochachushwa nyumbani. Kwa wenye ukurutu, maji ya wanga wa mchele ambao haukuchachushwa, yaliyoandaliwa siku hiyohiyo na kutumiwa ya uvuguvugu kwenye beseni la kuogea kwa dakika 15, ni njia salama zaidi. Baada ya kutoka majini ngozi ipapaswe kwa taulo bila kukausha kabisa, na mafuta ya mgando au krimu nzito ipakwe ndani ya dakika tatu.